Kukata, Kupunguza au Kuwepesisha?

Mwanamke wa Magongo au Chaani akipasuliwa ili matiti yake yawe madogo, majirani husema amekatwa maziwa. Nduguze, kwa kumstahi, husema amepunguzwa kifua. Cheti anachotoka nacho hospitali kina jina refu lililoungwa kwa Kilatini na Kigiriki, anakikunja na kukitia mkobani bila kulitamka jina hilo. Tendo moja lina majina matatu, na hakuna hata moja linalotaja kilichomtoa nyumbani akaenda kwa daktari, nacho ni uzito.

Uzito huo ndio ninaoutafutia maneno. Mwanamke hukutana na upasuaji huu kwa jina kabla ya kukutana nao kwa kisu. Jina likimtisha hatakwenda. Likimtia aibu atakwenda kwa kujificha. Likimdanganya ataamka kitandani na mambo ambayo hakuyatarajia.

Sisi wa Changamwe tuna haki ya kulisemea jambo hili. Jina la mahali petu ni jina la mojawapo ya Thalatha Taifa za Mombasa, pamoja na Wakilindini na Watangana. Kimvita, lahaja ya watu hao, kilipimwa dhidi ya Kiunguja katika mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika papa hapa Mombasa, na Kiunguja ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo maneno mengi ya kwetu yamebaki nje ya vitabu vya shule, lakini hayajatoka vinywani mwa mama zetu. Baadhi yake nitayatumia hapa kwa kuwa yanafaa kazi hii kuliko yale ya vitabuni.

Katika nyumba za kale za Mombasa neno la heshima ni ziwa, na wingi wake maziwa. Bibi mwenye buibui lake atamwambia daktari, “Mwanangu, maziwa haya yanilemea,” wala hatahisi kwamba ametaja cha kuonea haya. Neno lenyewe ni pana: ni kiungo cha mwili, ni kinachotoka kwenye kiungo hicho, na ni maji yaliyotuama katikati ya nchi kavu. Watoto wa mama mmoja ni ndugu wa ziwa moja. Ni vigumu kupata neno jingine la mwili lililobeba ukoo, chakula na jiografia kwa pamoja.

Upana huo huo ndio unaotukwamisha. Muuguzi aliyekulia bara, ambaye kwake maziwa ni yale ya chai, akisikia maziwa yanalemea atauliza mtoto ana miezi mingapi. Na “kupunguza maziwa” kutaeleweka kuwa ni kumkausha mama anayenyonyesha. Katika mazungumzo ya chumba cha daktari utata huu una madhara, kwa sababu swali la kunyonyesha limo ndani ya upasuaji wenyewe. Mirija ya maziwa na neva hupita pale pale panapokatwa. Wako wanaonyonyesha vizuri baada yake, wako wanaotoa kidogo, na wako wasioweza kabisa. Mtu akiambiwa “tutapunguza maziwa” na akaitikia, ameitikia lipi kati ya haya?

Kwa hiyo kwenye karatasi ya kutia sahihi naliunga mkono titi. Neno hili lina mlio wa mtoto, silabi moja iliyorudiwa, kama baba, mama, kaka, dada; chuchu nalo ni la ukoo huo. Shaaban Robert alipotaka kuusifia utamu wa lugha ya mama alilichagua titi, na tangu hapo hakuna anayeweza kudai kwamba neno hili halina adabu. Maziwa yabaki katika mazungumzo, kinywani mwa bibi, na daktari ajifunze kuyasikia.

Waganda husema ebbeere na Wanyarwanda ibere, neno la kale la Kibantu ambalo sisi wa pwani tumelipoteza. Tulichobaki nacho ni ziwa, titi na nyonyo, na yote matatu yanamtazama mtoto: anachokunywa, anavyolia, anavyonyonya. Nadhani hapa ndipo ilipo nusu ya hofu. Lugha yetu imeshasema kwamba kiungo hiki ni cha mtoto, basi mama anayetaka kipunguzwe huonekana kama anayemnyang'anya mtu riziki yake, hata kama ana miaka hamsini na wajukuu wanne. Hatuna neno linaloliita titi kwa upande wa mwenye kulibeba.

Kifua ni neno la staha. Wanawake wengi hukimbilia humo, na sishangai. Lakini kifua kina wapangaji wengine. Mwenye kifua ni mwenye kukohoa, kifua kikuu ni ugonjwa wa mapafu, na mtu mwenye kifua ni yule anayeweza kutunza siri. Ukimwambia mhudumu una tatizo la kifua utaulizwa unakohoa tangu lini, na yumkini utaambiwa ulete makohozi. Staha ikimpeleka mgonjwa kwenye foleni isiyo yake, imegeuka kuwa kizuizi.

Sasa ule uzito. Tazama mabega ya mwanamke aliyelemewa: mikanda ya sidiria imechimba mifereji miwili, imekolea rangi, na akivua sidiria mifereji haiondoki. Shingo inauma, mgongo unauma, akilala chali hapumui vizuri. Chini ya titi, ngozi inapogusana na ngozi, kuna unyevu usiokauka. Hapa kwetu miezi ya kaskazi hutoka upele pale chini, ukawasha, ukachubuka, ukatoa harufu. Upele huo tunao jina lake zuri, harara, kutoka neno la Kiarabu la joto. Daktari akisema “una harara chini ya matiti” ameeleweka na kila mtu kuanzia Mikindani hadi Mtongwe.

Lakini hali nzima, yaani mifereji, shingo, mgongo na harara kwa pamoja, haina jina. Hospitali hutaja ukubwa. Ukubwa ni kipimo cha mtazamaji, na wako wenye matiti makubwa wasiosumbuliwa nayo hata kidogo. Anayesumbuka ameshatupa kitenzi mwenyewe, kulemea. Kitu hulemea, mtu hulemewa. Basi hali hiyo naiita mlemeo. “Ana mlemeo wa matiti.” Neno halisemi chochote kuhusu uzuri wala ubaya wa umbo lake. Linasema kuna mzigo na kuna anayeubeba. Lina faida ya pili: linamlazimu daktari aulize unakulemea wapi, tangu lini, na kiasi gani, ambayo ndiyo maswali yanayotangulia upasuaji wowote wa maana.

Tusiipite sidiria. Imetoka Kiarabu, kwenye neno la kifua, na imekaa vizuri katika matamshi yetu. Kabla yake, na kando yake, palikuwa na kanchiri, ambalo linanukia bandari za Bara Hindi. Naomba tusiliache lizame. Baada ya upasuaji mwanamke huvaa sidiria ya kubana, isiyo na waya, usiku na mchana, kwa wiki kadhaa, mara nyingi wiki 6 hivi. Si sidiria ya kawaida na haifanyi kazi ya kawaida. Tukiiita kanchiri tutakuwa tumelipa neno la zamani kazi mpya, na mgonjwa ataacha kuuliza kama ile aliyoinunua mitumbani itafaa. Kanchiri ni ya kushikiza mshono, sidiria ni ya maisha ya kila siku.

Na tukitaja mshono tumefika kwa mafundi. Mwaka 1956 daktari wa Marekani, Robert Wise, alieleza namna ya kuchora matiti kabla ya kuyapasua, na mchoro wake aliutoa kwenye vipande vya kitambaa vinavyoshonewa sidiria. Mchoro huo ungali unatumika. Mafundi cherehani wa kando ya Barabara ya Magongo huweka karatasi ya kaki juu ya kitambaa, wakapitisha chaki pembeni yake, na wakaiita patani. Kiswahili kina neno lake, kigezo, na ni huzuni kwamba siku hizi tunalisikia tu mwishoni mwa matangazo ya redio, vigezo na masharti kuzingatiwa. Kigezo asili yake ni kielelezo cha kukatia na kuigizia. Daktari humsimamisha mwanamke wima, akiwa macho, kwa sababu titi la aliyesimama si titi la aliyelala, na humchorea kwa kalamu ya wino juu ya ngozi mahali chuchu itakapohamia na mahali kisu kitakapopita. Hicho ni kigezo, kwa maana yake ya asili, na mwanamke anayo haki ya kukitazama kwenye kioo na kuuliza.

Kinachoshangaza katika upasuaji huu ni kwamba chuchu huhamishwa juu bila kung'olewa. Hubaki imeshikana na ukanda wa nyama unaoiletea damu. Ukanda huo kwa lugha za Ulaya hubeba jina la bua, na sisi tunalo neno bora zaidi, kikonyo. Kila aliyechambua karafuu au kuchuma embe anajua kikonyo ni nini: kile kijiti ambacho tunda linaning'inia kwacho na kulishwa kwacho. Kikonyo kikikosa damu, chuchu inaweza kufa. Hutokea mara chache, lakini hutokea zaidi kwa wavutaji wa sigara, kwa kuwa sigara hubana mishipa, na ndiyo sababu huambiwa waache wiki kadhaa kabla na baada. Mwambie mtu “sigara itaua kikonyo” uone kama atahitaji maelezo ya ziada.

Upasuaji ni neno imara na halina mpinzani rasmi. Lakini litazame kitenzi lilikotoka. Pasua ni kitenzi cha mbao. Chanja ni kitenzi cha kuni. Kata ni cha mti. Vitenzi vyetu vya kisu cha daktari tumevitoa kwa seremala na mkata kuni, na mwanamke aliyesikia kwamba “atapasuliwa matiti” huona gogo likipasuliwa. Kiarabu kiliunganisha jeraha na kazi ya daktari wa kisu katika mzizi mmoja. Sisi tukalichukua jeraha, tukamwacha daktari. Operesheni, ambayo watu wa mtaani huitamka kila mmoja kwa namna yake, imependwa kwa sababu haina picha yoyote ndani yake. Ni kopo tupu, na mwenye hofu hupendelea kopo tupu.

Sidai tuliache neno upasuaji. Tunao mfano wa kututia moyo, nao ni chanjo. Zamani kuchanja mwili kulikuwa kuchora chale na kusugua dawa, kazi ya mganga. Leo chanjo ni sindano ya mtoto kliniki, na hakuna mama anayefikiria wembe anaposikia “siku ya chanjo”. Neno husafishika kwa matumizi. Upasuaji nao utasafishika, mradi tusiuache peke yake. Tuufuatishe na kitenzi kinachosema unafanywa kwa ajili gani.

Kukata ni jambo jingine, na hapa sina huruma. “Amekatwa matiti” ni usemi wa aliyeondolewa titi zima kwa sababu ya saratani. Kuwachanganya hawa wawili ni kumdhulumu kila mmoja wao. Kwa huyo wa saratani tuseme titi limeondolewa. Na tukumbuke jinsi neno kukata linavyosikika katika nchi ambayo imetunga sheria, mwaka 2011, ya kupiga marufuku ukeketaji. Zamani tuliambiwa ni tohara ya wanawake, neno linalotokana na usafi. Lilipoitwa ukeketaji, watu walianza kuona kilichokuwa kikifanyika. Neno liliondoa pazia. Kisu cha mlemeo, ambacho mwenyewe amekiomba kwa ridhaa yake akiwa mtu mzima, hakistahili kusimama karibu na kisu hicho hata kwa bahati mbaya ya kitenzi.

Kisha kuna plastiki. Ukisema “upasuaji wa plastiki” katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, msikilizaji huona beseni, mtungi na kipande cha kitu kigeni kinachotiwa mwilini. Nimewasikia watu wakiuliza kama plastiki hiyo huyeyuka kwa jua. Na mwanamke wa mlemeo hatiwi chochote, hutolewa. Neno la Kigiriki lililozaa jina hilo lina maana ya kufinyanga. Sisi tunalo kufinyanga, na tunalo kuumba, na tofauti yao ni nzuri: kuumba tumemwachia Mungu, kufinyanga ni kwa mikono ya mwanadamu juu ya udongo uliokwisha kuwapo. Daktari haumbi. Hata hivyo “upasuaji wa kufinyanga” haupiti kinywani kirahisi. Wenzetu wa Tanzania husema upasuaji rekebishi, nami naufuata. Ni mfupi, na unasema kweli.

Kazi hiyo ina mizizi mirefu hapa Afrika Mashariki. Michael Wood, aliyekuwa daktari wa upasuaji rekebishi Nairobi, ndiye aliyeanzisha AMREF, shirika la madaktari wa ndege, mwaka 1957 pamoja na Tom Rees na Archibald McIndoe, na wote watatu walikuwa wa fani hiyo hiyo. McIndoe alikuwa amejipatia jina kwa kuwatengeneza nyuso marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Yaani madaktari wanaoruka kwa ndege hadi vijijini walitoka katika fani ambayo wengi leo hudhani ni ya kuwapendezesha matajiri.

Hilo linatuleta kwenye urembo. “Upasuaji wa urembo” ni jina linaloweza kumgharimu mwanamke pesa taslimu. Bima nyingi hazilipii kilichoitwa urembo. Mtu mwenye mifereji ya mabegani na harara isiyokauka, anayeomba apumzike, akiandikiwa neno hilo kwenye fomu, atarudishiwa fomu yake. Na nyumbani ataulizwa anamrembea nani. Urembo ni haki ya anayeutaka, na sina neno naye. Lakini pasipo na urembo lisiandikwe, paandikwe mlemeo.

Siku ya upasuaji mgonjwa hukutana na neno ambalo kwangu ni kito: nusukaputi. Tunasimuliwa kwamba kaputi ni ya Wajerumani wa zama za ukoloni, yaani kuharibika au kufa, nasi tukaipa nusu. Nusu ya kufa! Hakuna tabibu aliyelitunga. Limetungwa na watu walioona mtu akizimika na kurudi. Vijana wanalisahau, wanasema “dawa ya usingizi”, jina ambalo pia huitwa vidonge vya mtu anayekesha usiku. Usingizi wa saa 2 hadi 4 za kisu hiki si usingizi, kwa sababu aliyelala huamka akiguswa. Nusukaputi irudi.

Ganzi iwekwe mbali nayo. Ganzi ni ya mahali pamoja: jino linalong'olewa, mguu ulioukalia, meno baada ya embe bichi la chumvi na pilipili. Nalisisitiza kwa sababu mwanamke ataamka kutoka nusukaputi na atakuta ganzi kwenye chuchu, na asipoambiwa tofauti atadhani dawa haijaisha. Kwa wengi hisia hurudi kidogo kidogo kwa miezi. Kwa wengine hairudi yote. “Chuchu itakufa ganzi, na huenda ikabaki hivyo” ni sentensi fupi isiyohitaji kamusi, lakini inahitaji daktari mwenye ujasiri wa kuitamka.

Akiamka atakuta pia mrija. Mrija ni ule wa kunywea dafu; hospitali nao ni ule wa kutolea damu na maji kwenye jeraha, siku moja au mbili. Nalipenda zaidi ya mpira, ambao wodini umeshakuwa wa mkojo. Nyuzi za mshono ziendelee kuwa nyuzi.

Jeraha na kidonda tunavichanganya, nami naomba tuvitenganishe. Jeraha limekatwa likashonwa, ni safi na linafunga. Kidonda kina maji, kinakula. “Kidonda chako kinaendeleaje?” humtia hofu mtu ambaye ana jeraha zuri tu. Lakini jeraha la titi, hasa pale mistari ya mshono inapokutana chini, huweza kuachia kidogo na kutoa maji, na hapo ndipo aseme, “Daktari, jeraha limekuwa kidonda.” Kwa maneno hayo tu atakuwa ametoa ripoti kamili.

Umbo la kovu nalo lina jina, na ni kama limetungwa kwa ajili ya watu wa Kilindini. Mshono wa kigezo cha Wise huzunguka chuchu, hushuka wima, kisha hulala chini ya titi kwa upinde. Madaktari wa kila lugha huiona nanga. Kovu la nanga, basi. Wale wanaopasuliwa kwa njia fupi, wenye duara na mstari mmoja wa kushuka, kovu lao wazungu hulifananisha na peremende ya kijiti. Kwetu hilo ni upawa, kifuu na mpini wake. “Nitakuwa na kovu la nanga au la upawa?” Mwanamke anaweza kuuliza hivyo bila kuvua nguo, na akajibiwa.

Keloidi imeshaingia katika Kiswahili cha kliniki, lakini haifundishi. Ni kovu lisilojua kusimama, linalovimba na kupita mipaka ya jeraha lililolizaa, na sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi. Tuna kitenzi kutuna. Kovu la kutuna: jina lenyewe linamwambia aangalie nini. Aliyetobolewa sikio likaota kovu la kutuna amtajie daktari mapema, kabla ya kigezo.

Kuhusu kupona, lugha yetu ni tajiri kuliko vijikaratasi vyote vya hospitali. Swali ni moja, mgonjwa hajambo? Majibu yana ngazi. Ashekali ni ya siku za mwanzo, uvimbe ungalipo, mikono haiinuki juu ya kichwa, lakini leo si kama jana. Nafuu huja wiki ya pili au ya tatu, anapoweza kurudi kazi ya kukaa. Afueni ni pale maumivu yameondoka ila ndoo ya maji bado si yake kuibeba, hadi wiki 4 au 6 zitimie. Kupona ni mbali zaidi, kwa sababu kovu huchukua mwaka au zaidi kupoa rangi, na titi lenyewe huendelea kukaa sawa kwa miezi. Kama kamusi hazikubaliani nami kwamba afueni iko juu ya nafuu, waulizeni wanaokaa na wagonjwa. Kumwambia mtu “utapona baada ya wiki 6” ni kumuahidi ngazi ya nne kwa bei ya ya tatu.

Nimeliweka mwisho jina la tendo lenyewe, kupunguza, kwa kuwa ndilo gumu. Kwa kazi ya siku zote linatosha, na lina ukweli: nyama hutolewa, hupimwa kwa gramu, hupelekwa maabara iangaliwe kama ina saratani. Lakini mzizi wake una ndugu wabaya. Upungufu ni kasoro. Punguani ni mtu aliyekosa akili. Punguzo ni la sokoni Kongowea, “nipunguzie kidogo”. Mwanamke aliyepunguzwa, kwa sikio la Kiswahili, ni mwanamke aliyebaki na kasoro, na huo ndio usemi anaoukuta akirudi nyumbani.

Nilikuwa na hamu na kutua, kwa sababu mzigo hutuliwa. Lakini hapa chini ya njia ya ndege za Port Reitz kutua kumeshikwa, na baya zaidi, titi lililotua litaeleweka kuwa lililolala.

Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyetupa maneno runinga na tarakilishi, alikuwa akitafuta kwanza katika maneno ya wazee wa pwani kabla ya kukopa. Nikifuata nyayo zake naingia wodini na kusikiliza wageni wa jioni. Mmoja husema, “Mwenyezi Mungu amkhafifishie.” Mwingine husema, “Mungu akufanyie wepesi.” Maombi hayo mawili ni ya kuondolewa uzito. La kwanza lingetupa uhafifishaji, na lingefaa, ila hafifu imeharibiwa na wafanyabiashara. Bidhaa hafifu ni mbovu. Wepesi haujaharibika. Kuwepesisha tunakusikia kila siku darasani na msikitini, na hakuna aliyepata kukuonea haya.

Upasuaji wa kuwepesisha matiti. Ndilo pendekezo langu. Nyama inayotolewa imo ndani yake, kwa kuwa hakuna wepesi bila kutoa, lakini linaanzia mabegani mwa mwenye matiti na si machoni mwa wengine. Kwa wanaume wanaoota matiti silipendekezi. Upasuaji wao ni wa kale, Paulo wa Aegina aliueleza karne ya 7, lakini kinachowasumbua wengi wao si uzito, basi kwao tuendelee kusema kuondoa.

Limebaki pengo moja. Ule mviringo wenye rangi iliyokolea unaoizunguka chuchu, ambao kisu huuzunguka na kikonyo huulisha, vitabu huueleza kwa maneno kadhaa. “Sehemu nyeusi ya chuchu” si kweli kwa kila ngozi. Mzingo umeshachukuliwa na wanahisabati, kwa maana ya urefu wa kuzunguka. Lakini wakunga wa Likoni, Jomvu na Kisauni wamekuwa wakiwafundisha wazazi wapya, vizazi kwa vizazi, kwamba mtoto asishike chuchu peke yake, aufunike mviringo huo wote kwa kinywa. Hawakuweza kufundisha hivyo bila kuutaja. Mwenye nyanya au shangazi aliyekuwa mkunga amuulize alikuwa akisemaje, kisha atuletee neno hilo.